Wanga Unaokawia: Ushauri kwa Wanaojenga Misuli Tunduma na Songwe

Songwe haina uhaba wa wanga. Mkoa huu, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, unavuna mahindi na maharage Mbozi na Ileje, ulezi na mtama Momba, mpunga Kamsamba, halafu viazi vitamu, mihogo, magimbi na ndizi vinaingia sokoni Tunduma karibu kila siku. Anayeanza kunyanyua vyuma hapa hahitaji kuuliza atapata wapi chakula cha nguvu. Anachohitaji kujua ni kipi ale, kiwe kimesagwaje, kimepikwaje, na akile muda gani. Ushauri unaozunguka jimu na kwenye simu ni mfupi: kula wanga unaomeng'enywa taratibu, achana na vyeupe. Una ukweli ndani yake. Lakini ukiufuata bila kuuelewa, utajikuta unanunua oti za kopo kwa bei ya kuumiza huku nyumbani kwenu sufuria la makande linachemka.

Tuanze na kazi yenyewe ya wanga. Misuli hujengwa kwa protini, na kinachoiamuru ikue ni mzigo: vyuma vya jimu, vyuma vya zege mlivyomimina wenyewe kwenye makopo ya rangi, au magunia unayopakia kwenye malori pale mpakani. Wanga hauongezi nyama mwilini moja kwa moja; unakupa nguvu ya kuuinua mzigo huo tena na tena. Ukishameng'enywa huwa glukosi. Sehemu hutumika papo hapo, sehemu huwekwa akiba kwenye misuli na kwenye ini, na akiba hiyo huitwa glaikojeni. Misuli ya mtu mzima huhifadhi takriban gramu 300 hadi 500, ini takriban 100. Akiba ikipungua, mizunguko ya mwisho ya mazoezi inakushinda mapema, na mzunguko usiokamilika haujengi kama ulivyokusudia. Ukiendelea kula kidogo mno kwa wiki nyingi, mwili utaanza kuchoma hata ile protini uliyotaka ikujenge.

Kuna jambo ambalo wauza vyakula vya mazoezi hawalitangazi. Hakuna ushahidi thabiti kwamba wanga wa taratibu peke yake huongeza misuli kuliko wanga wa haraka, iwapo jumla ya chakula na protini ni ile ile. Faida yake iko kwingine, na ni kubwa: shibe inayodumu, nguvu isiyokatika katikati ya kazi, nyuzinyuzi zinazolinda utumbo, madini na vitamini zilizobaki kwenye ganda na kiini, na kinga dhidi ya kisukari, ugonjwa ambao siku hizi unawafuata hata watu wa vijijini. Kijana anayeanza vyuma akiwa na miaka 20 anajenga pia mwili atakaoishi nao akiwa na 50.

Kasi ya wanga hupimwa. Mwaka 1981 David Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walichapisha kipimo kinachotumika hadi leo. Mtu hupewa chakula chenye gramu 50 za wanga, sukari ya damu yake inafuatiliwa kwa saa mbili, kisha matokeo yanalinganishwa na ya glukosi tupu, iliyopewa alama 100. Chakula cha alama 55 kushuka chini huhesabiwa kuwa cha taratibu, cha 70 kwenda juu ni cha haraka. Katika majedwali ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2008, viazi mviringo vya kuchemsha vilipata wastani wa 78, mkate mweupe 75, wali mweupe 73, viazi vitamu vya kuchemsha 63, ndizi za kupika 55, magimbi 53, chapati 52, dengu 28 na maharage mekundu 24.

Sasa tazama namba mbili ambazo watu wengi huzipita. Mkate wa ngano isiyokobolewa ulipata 74, yaani karibu sawa na mkate mweupe. Na uji wa nafaka ndogo za jamii ya ulezi na uwele ulipata 67, juu ya viazi vitamu. Inakuwaje, wakati tunaambiwa kila siku kuwa hivi ndivyo vyakula vya taratibu? Jibu liko kwenye mashine ya kusaga na kwenye maji. Nafaka ikisagwa laini kama poda, kuta zilizokuwa zimeufungia wanga zinavunjika, na vimeng'enyo vya tumboni vinaufikia wote kwa mara moja. Ukiupika unga huo kwa maji mengi hadi ulainike, umeshafanya nusu ya kazi ambayo tumbo lingefanya. Kwa hiyo jina la nafaka halitoshi. Punje iliyobaki nzima hukawia kuliko iliyoparazwa, iliyoparazwa hukawia kuliko iliyosagwa laini, na kinachotafunwa hukawia kuliko kinachonywewa.

Ndiyo maana, ukiniuliza nichague chakula kimoja cha mkoa huu kwa mtu anayejenga misuli, nitachagua makande bila kusita. Punje za mahindi ziko nzima, maharage yako mazima, na meno yako ndiyo yanaanza kazi. Tena kuna jambo kubwa zaidi ya kasi. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, kimojawapo cha viungo vya protini ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea wenyewe. Maharage yana laisini kwa wingi. Vikikutana kwenye sufuria moja, protini ya vyote viwili inakuwa na manufaa zaidi kwa misuli kuliko kila kimoja kikiliwa peke yake. Gramu 100 za maharage makavu zina protini kama gramu 22, na mahindi kama gramu 9. Hakuna kopo la unga wa mazoezi linaloweza kukupa haya yote kwa bei ya maharage ya Mbozi.

Makande yanalalamikiwa kwa mambo mawili: mkaa na gesi tumboni. Yote mawili yana dawa moja. Loweka mahindi na maharage usiku kucha, kila kimoja kwenye chombo chake, kisha asubuhi mwaga maji hayo na upike kwa maji mapya. Yataiva mapema, na sehemu ya sukari zinazoleta gesi itakuwa imeondoka na maji. Usikimbilie magadi. Yanalainisha kweli, lakini yanaharibu vitamini B1, ambayo ni mojawapo ya vitamini ambazo mwili unazihitaji ili kuugeuza wanga kuwa nguvu. Pika sufuria kubwa mara moja kwa siku mbili, ukatie karanga zilizotwangwa mwishoni, na kama parachichi zimeiva weka vipande pembeni. Mwenye tumbo jepesi aanze na bakuli dogo na aongeze polepole, utumbo huzoea.

Baada ya makande, ugali. Hapa mjadala ni wa dona na sembe, na hata wenzetu wa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, wanaufahamu kwa majina yao: unga wa "breakfast" ndio uliokobolewa sana, "roller" umebakizwa pumba kiasi, na mgaiwa ni mahindi mazima. Mahindi yakikobolewa, yanayoondoka ni pumba na kiini, na huko ndiko nyuzinyuzi, mafuta mazuri, sehemu kubwa ya madini na vitamini B zilikokuwa. Kwa anayefanya kazi nzito na mazoezi, dona ndiyo chaguo langu. Lakini usitarajie dona iliyosagwa laini sana ikawie tumboni kama punje nzima. Mwombe mwenye mashine akusagie unga wa chengachenga kidogo, usonge ugali mgumu, na uule na mboga zenye uzito: maharage, dagaa, majani ya maboga yenye karanga. Protini, mafuta na nyuzinyuzi vinavyoliwa pamoja na ugali huuchelewesha kutoka tumboni, hivyo sahani nzima ndiyo inayoamua kasi, kuliko tonge lenyewe.

Dona ina masharti, na nawasihi msiyapuuze. Kiini kina mafuta, na mafuta yakishasagwa huanza kuchacha. Saga unga wa wiki mbili au tatu tu kwa wakati mmoja. Jambo la pili ni zito zaidi. Mahindi yaliyokaushwa vibaya huota ukungu unaotoa sumukuvu, na kwa kuwa dona haikobolewi, sumu iliyo kwenye ganda na kiini inabaki yote kwenye unga. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yaliyochafuka. Kupika hakuiondoi. Kausha mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo; chambua punje zilizooza, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa na wadudu; hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Kama huna uhakika na mahindi unayouziwa, usiyanunue hata kama bei inakuvutia.

Ulezi unastahili heshima ya pekee katika mkoa huu. Kwa Wanyamwanga wa Momba, kama ilivyo kwa jirani zao Wafipa, ugali wa ulezi ulikuwa chakula cha wanaume wa shamba na wanawake wa shamba kabla mahindi hayajatawala sahani. Gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300 za kalisi, wakati mahindi yana sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Mifupa inayobeba vyuma inahitaji kalisi, na misuli yenyewe haiwezi kujikaza bila hiyo. Kula ulezi kama ugali, mtupu au uliochanganywa na unga wa muhogo, ndiko kunakokupa ukawiaji zaidi. Uji wake ni mzuri lakini huingia haraka, hasa ukitiwa sukari vijiko vinne. Tia maziwa badala ya sukari, au karanga zilizosagwa, nao utakuwa chakula kingine kabisa.

Ulezi una viambato vinavyozuia mwili kufyonza chuma na zinki vizuri. Wazee walikuwa na njia zao: kuloweka, kuotesha kimea, kuchachusha togwa. Zote hupunguza kizuizi hicho. Fahamu tu kwamba kimea huvunja wanga kuwa sukari, hivyo uji wa kimea hauko kwenye kundi la taratibu. Una faida nyingine nitakayoieleza mbele. Na kuna ulezi unaoishia kwenye pombe ya komoni. Anayetoka kunyanyua vyuma akaenda moja kwa moja kilabuni anapunguza kazi aliyoifanya, kwa kuwa pombe nyingi baada ya mazoezi hupunguza uwezo wa misuli kutengeneza protini mpya, hata kama umekula nyama pembeni.

Mtama nao ni mzuri na hukawia, ila protini yake huwa ngumu zaidi kumeng'enywa baada ya kupikwa kwa maji. Uchachushe, au uule na maharage na maziwa. Magimbi na ndizi za kupika, hasa zikiwa bado mbichi, ni wanga wa taratibu ambao watu wa Ileje wanao tayari. Viazi vitamu viko katikati, na vinatosha kabisa kwa kifungua kinywa vikiliwa na maharage yaliyobaki jana. Muhogo una wanga mwingi lakini protini haifiki hata gramu 2 kwa kila gramu 100 za muhogo mbichi. Anayeutegemea muhogo pekee ajue kwamba misuli itabaki na njaa. Mchele wa Kamsamba ni mtamu, nami sitamkataza mtu kuula, ila uje na maharage na mboga za majani, na sahani isiwe mlima wa wali na kijiko cha mchuzi. Chipsi mayai ya kila usiku ni suala la mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi zaidi kuliko suala la kiazi.

Kuhusu kiporo, watu huona aibu bure. Wanga uliopikwa ukapoa hujipanga upya, na sehemu yake hugeuka kuwa wanga sugu ambao utumbo mwembamba hauwezi kuuvunja haraka. Ukiupasha, kiasi chake hubaki. Kwa hiyo ugali, magimbi au wali wa jana ni wa taratibu kuliko ulivyokuwa ukitoka jikoni. Lakini wali uliolala kwenye sufuria lenye joto ni hatari: kuna bakteria wanaoacha sumu isiyoondoka kwa kupasha. Baridi ya Tunduma isikudanganye. Tandaza wali upoe upesi, ufunike, uweke kwenye friji, na kama friji hakuna pika unaomaliza.

Tuje kwenye kiasi, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa faida ya protini kwa wanaonyanyua vyuma hufikia kikomo karibu na gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa wanga, anayefanya mazoezi ya kawaida anaweza kulenga gramu 4 hadi 5 kwa kilo, na anayepakia magunia kutwa atahitaji zaidi. Mchukue mtu wa kilo 70: protini gramu 112, wanga karibu gramu 330. Siku yake inaweza kuwa hivi. Asubuhi, uji wa gramu 60 za unga wa ulezi pamoja na nusu lita ya maziwa. Mchana, makande ya gramu 120 za mahindi na gramu 80 za maharage, vikipimwa vikavu. Jioni, ugali wa gramu 200 za unga wa dona, dagaa wakavu gramu 35 na mboga za majani. Katikati, mayai matatu ya kuchemsha na konzi ya karanga. Hesabu hiyo inakufikisha kwenye protini karibu na 112 na wanga karibu na 330 bila kugusa kopo lolote. Pima kwa mizani ya dukani mara moja, kisha weka alama kwenye kikombe chako cha nyumbani.

Muda nao una nafasi yake. Makande yaliyoshiba mafuta ya karanga, yakiliwa nusu saa kabla ya kuchuchumaa na chuma mabegani, yatakuletea kichefuchefu. Mlo mzito wa taratibu uwe saa mbili hadi tatu kabla ya mazoezi. Ukibanwa na muda, ndizi mbivu moja au kikombe cha uji kinatosha. Baada ya mazoezi huna haja ya kukimbia. Kwa anayefanya mazoezi mara moja kwa siku, mlo wa kawaida unaofuata utarudisha glaikojeni kabla ya kesho. Anayefanya mara mbili kwa siku ndiye anayefaidika na wanga wa haraka baada ya awamu ya kwanza, na hapo wali au viazi mviringo vinafaa. Mpakiaji anayeanza kazi saa 12 asubuhi ni habari nyingine: chai na andazi havitamfikisha saa 4. Ale viazi vitamu na maharage, au kiporo cha ugali na maziwa mgando. Na dereva aliyekwama kwenye foleni ya malori, aliyekaa kwenye usukani au kivulini kutwa nzima, achague vyakula hivi hivi lakini apunguze kiasi karibu nusu, kwa sababu misuli yake haijatoa akiba kubwa ya kujazwa.

Kuna mtu mmoja ambaye ushauri wa vyakula vya taratibu unaweza kumrudisha nyuma. Ni yule mwembamba anayejitahidi kula lakini anashiba mapema na uzito hauongezeki. Nyuzinyuzi nyingi zitamshibisha kabla hajafikia mahitaji yake. Kwake wali mweupe si adui, na uji wa kimea ndio unaomfaa sana: kimea huufanya uwe mwepesi hata ukiwa na unga mwingi, hivyo anakunywa nguvu nyingi kwenye kikombe kimoja. Aongeze maziwa, karanga, parachichi, mafuta ya alizeti kijiko kimoja kwenye mboga. Asikimbilie vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kimyakimya, kwani baadhi yake ni dawa za mzio na steroidi ambazo hujaza maji na mafuta mwilini huku zikiharibu homoni. Unga wa kopo wa kuongeza mwili nao, soma maandishi yake: mara nyingi kiambato cha kwanza ni maltodekstrini, wanga unaoingia kwenye damu kwa kasi karibu sawa na glukosi. Utakuwa umelipa fedha nyingi kukwepa sembe ili ununue kitu cha haraka kuliko sembe.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge asibadilishe wanga wake ghafla bila kuzungumza na mhudumu wa kituo chake cha afya. Chakula kikipungua kasi na dawa ikabaki ile ile, sukari inaweza kushuka mno, tena akiwa peke yake na chuma kifuani.

Mahindi ya msimu huanza kushuka bei kuanzia Juni, mavuno yanapoingia kutoka mashambani. Kwa mpango niliouweka hapo juu, mtu mmoja anatumia kwa mwezi takriban kilo 10 za mahindi, kilo 2 za ulezi na kilo 2 na nusu za maharage. Debe moja la mahindi, lenye kilo kama 18 hadi 20, linakaribia kukufikisha miezi miwili. Nunueni kwa pamoja watu watatu au wanne wa jimu moja, moja kwa moja kutoka kwa mkulima wa Mbozi, mkague punje kwa mikono yenu kabla ya kulipa, mgawane, na kila mmoja atenge ya makande kwanza kabla ya kupeleka mengine mashineni.